Bomba likifika mtaani, nani anavuna?

Chukua nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja, tofali zilezile, bati lilelile. Moja iko kwenye mtaa wenye maji ya bomba, lami, kituo cha basi na shule ambayo mtoto anaifikia kwa miguu. Nyingine iko mbali na hayo yote. Gharama za ujenzi zinalingana, lakini bei hazisogeleani hata kidogo. Tofauti hiyo haimo kwenye kuta, imo kwenye ardhi. Ndiyo maana jengo huchakaa mwaka hadi mwaka huku kiwanja kikizidi kupanda.

Hoja hii ina umri. Johann Heinrich von Thünen, Mjerumani, aliieleza mwaka 1826 akizungumzia mashamba: lililo karibu na soko hukodishwa ghali kwa sababu mkulima anaokoa gharama za kusafirisha mazao. Mwaka 1964 William Alonso, mtaalamu wa uchumi wa miji, aliipeleka mjini. Anayeishi karibu na kazi anaokoa nauli na saa za njiani, na alichookoa huko anakitumia kulipia nyumba.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ninaoujua unatoka Acayucan, mji wa Mexico. Mitaa iliyokuwa haina lami ilipigiwa kura ya bahati nasibu, mingine ikawekewa lami na mingine ikasubiri. Wathamini walipopita baadaye, nyumba za mitaa ya lami zilikuwa zimepanda thamani kwa takriban asilimia 16. Kura ndiyo iliyochagua, kwa hiyo hakuna awezaye kudai kwamba mitaa ile ilikuwa bora tangu mwanzo. Kwa upande wa shule, mchumi Sandra Black mwaka 1999 alilinganisha nyumba za vitongoji vya Boston, Marekani, zilizo pande mbili za mpaka unaoamua mtoto asome shule ipi. Alama za mtihani zikizidi kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa kama asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba.

Ukaribu nao una kiasi chake. Kila mtu anataka kituo cha basi, lakini anayelala ukuta kwa ukuta na kituo hicho anapata honi na moshi usiku kucha. Dampo ni huduma muhimu, ila hakuna anayeitaka dirishani kwake.

Je, kupanda huku kwa bei ni jambo jema? Mwenye nyumba ana sababu ya kushangilia, na simlaumu. Amevumilia vumbi na tope miaka mingi, na sasa ana dhamana ya kumfaa akienda kuomba mkopo. Halmashauri nayo inakusanya kodi kubwa zaidi ya majengo.

Mpangaji yuko kwenye hesabu nyingine kabisa. Kweli, maji yakifika anapumzika kubeba ndoo, na watoto wake wanaugua mara chache zaidi. Lakini pango likipanda, analipia maji yaleyale mara mbili, kwanza kwenye bili na tena kwa mwenye nyumba. Asipomudu, anahamia mtaa usio na bomba na kuanza upya. Huduma iliyoletwa kwa jina lake inakuwa sababu ya yeye kuondoka. Hili linaniuma kuliko lolote katika mjadala huu, kwa sababu bomba lilijengwa kwa fedha za umma, zikiwemo zake.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaotaka sehemu ya ongezeko hilo la thamani ya nyumba irudi kwa umma. Colombia imewatoza wamiliki wanaonufaika na miradi ya umma tangu sheria yake ya mwaka 1921. Hong Kong, kampuni ya treni MTR hupewa haki ya kuendeleza ardhi iliyo kwenye vituo vyake, na faida yake husaidia kugharamia reli. Pingamizi moja lina uzito: mjane mwenye nyumba ya thamani kubwa na kipato kidogo hawezi kulipia utajiri ulio kwenye karatasi tu. Hapo tozo isubiri hadi nyumba itakapouzwa au kurithiwa. Mpangaji naye apate mkataba wa muda mrefu kabla mitaro haijachimbwa, maana lami ikishamwagwa hana tena nguvu ya kujadiliana.

Lakini kodi na mikataba haigusi chanzo. Asilimia zile 16 zilitokea kwa sababu mtaa wa pili bado ulikuwa na vumbi. Watu hawapandishiani bei kwa kitu kilichopo kila kona. Wanagombania kilicho adimu. Bomba likifika mitaa yote, mwenye nyumba wa mtaa wa kwanza atapoteza sehemu ya ile faida aliyoizoea, na huenda akaipinga bajeti ya mtaa wa pili kwa sababu hiyo hiyo. Maji yake, hata hivyo, yatakuwa yanatoka kama kawaida.