Usitafute jina la mbunge, tafuta jibu la waziri

Uchaguzi ukikaribia, vita ya klipu huanza mitandaoni. Huyu anabandika sekunde 40 za mbunge akifoka, yule anajibu kwa sekunde 30 za mbunge huyohuyo akisifia kilekile alichokifokea. Ubishi huo una dawa, tena ya bure: Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo wengi tunaziita Hansard kwa jina la mchapaji wa London wa karne ya 19. Serikali ya Tanzania ilipotangaza Januari 2016 kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, maandishi hayo ndiyo yaliyobaki kuwa ushahidi mkamilifu. Ila wengi huyaingia kwa mlango usio wenyewe. Wanaandika jina la mbunge wao, wanakutana na pongezi kwa Waziri na makofi, wanafunga na kwenda zao.

Maneno ya mbunge hayamgharimu kitu. Jibu la waziri ndilo deni, na deni hilo linafuatilika mwaka hadi mwaka ukijua linaandikwaje.

Chukua barabara ya wilayani kwenu. Mtaani tunasema "barabara ya lami". Ukiandika hivyo majibu mengi yatakupita, maana lugha ya Serikali bungeni ni "kwa kiwango cha lami". Kabla ya lami huja "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina", na mwisho wa jibu huja sentensi ambayo kila anayesoma Hansard anaijua kama dua: kazi itafanyika "kadri ya upatikanaji wa fedha". Kwa hiyo tafuta jina la barabara au la kata pamoja na neno moja adimu kutoka kwenye fomula hiyo. "Yakinifu" peke yake linatosha. Usitafute "upembuzi yakinifu" kama kifungu kizima, kwa sababu mstari ukikatikia katikati ya maneno hayo mawili programu nyingi hazitaliona. Fanya hivyo kwa miaka mitano mfululizo, panga majibu kwa tarehe, uone kama upembuzi uliokuwa "umekamilika" mwaka juzi haujarudi kuwa "unaendelea" mwaka huu.

Kichwa cha swali kisikudanganye. Swali la msingi lina namba na kichwa chake, lakini maswali ya nyongeza hayana. Ahadi kuhusu zahanati ya kata yenu inaweza kuwa imejificha kwenye jibu la nyongeza, chini ya swali la maji la jimbo jingine kabisa. Na muulizaji? Ukiona "(K.n.y.", yaani kwa niaba ya, jina la kwanza ni la aliyesimama na jina la ndani ya mabano ni la mwenye swali. Watu wameshasifiwa kwa maswali ambayo si yao kwa kutosoma herufi hizo tatu.

Wizara nazo zinahama. TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ilikuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu hadi mwaka 2015, kisha ikahamia Ofisi ya Rais. Anayetafuta "Ofisi ya Rais" akirudi nyuma hadi 2012 atadhani Serikali haikujibu chochote kuhusu shule za msingi.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye kiti. Anayeongoza kikao haandikwi kwa jina kila anapozungumza, anaandikwa kwa cheo. Maneno ya Dkt. Tulia Ackson akiwa kitini kabla ya Februari 2022 yako chini ya "NAIBU SPIKA", na baada ya hapo chini ya "SPIKA". Kisha Bunge zima likikaa kama Kamati ya Matumizi, kupitia bajeti ya wizara fungu kwa fungu, Spika huyohuyo anageuka "MWENYEKITI", na kila mbunge anaanza na "Mheshimiwa Mwenyekiti". Usimchanganye na wale Wenyeviti wa Bunge wanaompokea Spika kiti siku za kawaida.

Hiyo Kamati ya Matumizi ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na ndiyo isiyosomwa. Ni pale mbunge asiporidhika na maelezo anatishia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuizuia bajeti yake hadi aeleze vizuri. Waziri akiona shilingi inashikwa kweli, husema mambo ambayo asubuhi kwenye maswali asingeyasema. Tafuta "shilingi" tupu na utazama kwenye mabilioni ya bajeti. Tafuta "nashika", "kushika" au "natoa shilingi" kwenye vikao vya Aprili hadi Juni. Huwa ni kurasa za mwisho za faili la siku hiyo, baada ya alama kwamba Bunge lilirudia jioni. Faili la siku moja ya bajeti linaweza kupita kurasa 200, kwa hiyo anza nyuma kuja mbele.

Kuhusu mafaili yenyewe. Mengi ya zamani kwenye tovuti ya Bunge yana majina kama HS-4-24-2011: Mkutano wa 4, Kikao cha 24, mwaka 2011. Ndani ya faili namba hizo zimeandikwa kwa maneno, "Kikao cha Ishirini na Nne", kwa hiyo kutafuta "24" ni kazi bure. Tena hesabu ya Mikutano huanza upya kila Bunge jipya linapoundwa. "Mkutano wa Nne" bila mwaka ni sawa na kusema "Jumatatu" bila tarehe. Google husaidia ukiandika site: ikifuatwa na anwani ya tovuti ya Bunge, bila nafasi, mbele ya maneno yako, lakini haijasoma kila faili. Njia ya uhakika ni kushusha vikao vyote vya Mkutano mmoja, kuvigeuza maandishi matupu kwa programu ya pdftotext, halafu kuvipekua kwa pamoja kwa grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Ni amri mbili tu. Usisahau kwamba grep inasoma mstari mmoja mmoja, na kwamba maneno "Nakala ya Mtandao" yanayokaa juu ya ukurasa yataangukia katikati ya sentensi kila ukurasa unapogeuka. Faili likiwa ni picha tupu lililopigwa skani, hapo hakuna ujanja, soma kwa macho.

Na si kila kilichomo kilisemwa. Michango kwa maandishi huingizwa humo, na hotuba ndefu za mawaziri na kamati huwekwa kama zilivyowasilishwa mezani hata kama msomaji aliruka nusu yake. Kinyume chake, yaliyosemwa yakafutwa utayakuta yamezibwa na "Maneno Haya Siyo Taarifa Rasmi za Bunge". Mwenye klipu na mwenye Hansard wanaweza wote wawili kuwa wakweli.

Kenya ina shida yake: lugha mbili. Mbunge akianza kwa Kiswahili anatakiwa amalize kwa Kiswahili, kwa hiyo mjadala mmoja wa sukari unakuwa nusu kwa neno hili na nusu kwa neno la Kiingereza. Tafuta mara mbili. Kwa miaka ya nyuma, tangu 1963, Google Books ina juzuu nyingi za Hansard ya Nairobi zinazosomeka nzima, ingawa herufi zilizosomwa na mashine zimeharibika hapa na pale. Ukikosa jina, jaribu kipande chake. Ukitaka kuipeleka mahakamani, tanbihi ya chini ya kila ukurasa inasema wazi kwamba nakala ya mtandaoni ni ya taarifa tu, na iliyothibitishwa huombwa kwa Mkurugenzi wa Hansard.

Wakenya pia wametutangulia kwa jambo moja. Mzalendo, tovuti ya kufuatilia Bunge la Kenya iliyoanzishwa mwaka 2005, imeikata Hansard msemaji kwa msemaji, ili kila mbunge awe na ukurasa wa maneno yake. Uingereza, Bunge lenyewe limefanya hivyo, na kila mchango una anwani yake ya kubandika. Dodoma wanayo maandishi hayo kwenye kompyuta kabla hayajawa PDF. Wayaweke hadharani hivyohivyo, na alama ya msemaji, tarehe na namba ya swali. Hiyo si teknolojia ya mwezini.

Hata wakifanya hivyo, kura za sauti hazitakuwa na majina. "Waliosema ndiyo wameshinda" haikuambii mbunge wako alisema nini. Majina hupatikana tu kura ya kila mbunge inapoandikwa kwa jina lake, kama ile ya bajeti ya Serikali kila Juni, au Nairobi tarehe 20 Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipopita hatua ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Na yule aliyepiga kelele kutoka viti vya nyuma, ambaye pengine ndiye aliyesema neno la maana kuliko wote siku hiyo, Hansard ya Dodoma imemwandika kwa herufi kubwa, MBUNGE FULANI, na huyo hata grep haitakutajia jina lake.