Mwaka Ziwa Turkana Lilipopanda Mita 80 na Hakuna Aliyelowa

Nakiri hadharani kwa sababu wote niliowakosea wameshanisamehe, isipokuwa konokono mmoja.

Nilikuwa mwanafunzi wa jiolojia mwaka wa mwisho, nikabahatika kuchukuliwa na Prof mmoja aliyekuwa akitafiti viwango vya kale vya Ziwa Turkana. Kubahatika huko maana yake ni kupanda vilima na gunia mgongoni, kwenye jua la kukaanga yai, nyuma ya mtu wa miaka 60 anayetembea kama anakimbilia wali wa harusi.

Kazi yenyewe kuieleza si ngumu. Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Maji yake mengi huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na yakishaingia, mlango wa kutokea ni mmoja tu: jua. Mvua zikizidi huko milimani, ziwa hupanda, zikipungua, hushuka. Likitulia mahali kwa muda, mawimbi hujenga tuta la mchanga na maganda ya konokono, kama ule mstari wa uchafu unaobaki kwenye karai la kufulia. Kwa hiyo ukikuta tuta la namna hiyo mita 80 juu ya maji ya leo, mahali ambapo hata mbuzi anatafuta kivuli hakipati, unaokota maganda yake, unayapeleka maabara yapimwe kaboni, unaambiwa maji yalikuwa hapo lini.

Na yalikuwa hapo kweli. Dunia huyumba kama pia inayozunguka, mizunguko ya miaka elfu ishirini na ushei, na kuyumba huko huongeza mvua Afrika au kuzipunguza. Miaka kama 9,000 iliyopita zilizidi, ziwa likajaa mpaka likafurika upande wa kaskazini-magharibi kuelekea Nile. Ndiyo maana mpaka leo Turkana ina sangara, samaki wa Nile, katikati ya jangwa. Watu wa enzi hizo waliishi ufuoni wakivua kwa vyusa vya mifupa, na vyusa hivyo vimeokotwa Lothagam, mahali ambapo leo ukitaka samaki lazima upande gari. Kisha, kama miaka 5,000 iliyopita, mvua zikakata, maji yakashuka, wakaja wafugaji. Hao walisimamisha nguzo za mawe hapo hapo Lothagam, na chini yake wakazika watu wasiopungua 580. Prof akifika hapa husimama, huvua kofia, husema, “Kijana, fikiria. Ziwa linakukimbia, nawe unazika wenzako pamoja.” Nami hufikiria, huku gunia likinikata bega.

Basi tulikuwa na mifuko minane. Mfuko namba 7 ndio uliokuwa roho ya safari: maganda ya tuta la juu kabisa, lile la mita 80. Prof aliuandika kwa mkono wake mwenyewe na kuupigia mstari mara mbili.

Dereva wetu alikuwa mzee wa Lamu, nikimwita Ami. Mpole, dereva hodari, mwenye ugonjwa mmoja usio na dawa: bao. Tangu Nairobi alikuwa akisikitika kwamba komwe zake, mbegu za kuchezea, amezisahau nyumbani. Kapenguria alizitaja. Lodwar alizitaja mara mbili. Tulipopiga kambi Eliye Springs, chini ya mikoma inayomkumbusha kwao, akashindwa kujizuia. Akachimba mashimo 32 mchangani, safu nne za nane nane, mviringo kila moja kama limepimiwa kikombe, kisha akaketi akiyatazama kama mtu aliyebandika pilau akakumbuka hana mchele.

Prof alikuwa ameshalala. Ami akaniuliza taratibu:

“Mwanangu, vile vikonokono vyenu mwavihesabu?”

“Hatuvihesabu, Ami. Tunavipima uzito.”

“Basi kwa kushikwa havipungui.”

Mimi mwenyewe nilisomea mantiki muhula mzima na sikupata jibu.

Nikafungua mfuko namba 7. Bao la Kiswahili lataka kete 64, na mfuko ulikuwa nazo na kubaki. Maganda ya miaka elfu tisa, meupe, makavu kama chaki, yakilia tik, tik yakiangukia shimoni. Sijapata kuona kete nzuri kama zile. Ami alinifunga la kwanza kabla chai haijapoa. La pili alinifunga huku akizungumza habari za mkwe wake. La tatu nikajitahidi, lakini kila nikitaka kula naambiwa, “Hapo huli, hapo watakata,” na kweli nikawa natakata tu, yaani kuzungusha kete bila kula, usiku kucha natakata kama mwosha vyombo. Saa nane za usiku Ami akapiga mwayo. Tulikuwa bado kwenye kunamua, yaani kete za mkononi hazijaisha kuingia mashimoni. Kete zangu za mkononi nikazirundika kando ya mashimo; zake akazifunga kwenye pindo la kikoi.

“Bao hili halivunjwi,” akasema. “Lina utamu. Kesho namalizia.”

Aliyewahi kulala ufuo wa Turkana ameshajua kilichofuata. Mchana pale hutulia, unaweza kumwonea ziwa huruma. Usiku wa manane upepo hushuka kutoka kusini-mashariki kama umetumwa kudai deni, na haupoi mpaka jua lipande. Niliamka na mchanga masikioni, puani na kwenye meno. Mashimo 32 hayakuwepo. Rundo langu halikuwepo. Mfuko namba 7 ulikuwa umening’inia kwenye mkoma, mtupu, umejaa upepo kama tanga la dau.

Nikapiga magoti kuchambua mchanga kwa vidole. Tatizo ni kwamba ufuo ule wote ni mchanga na konokono. Kila teko lilikuwa na maganda, ila meusi-meusi, yenye kung’aa, ya juzi. Nikasikia Prof anakohoa ndani ya hema. Yule mtu hukohoa mara tatu kisha hutoka.

Kohoo la kwanza, nikakimbilia majini. La pili, nikawa nazoa kwa mikono miwili. La tatu, nikafunga mfuko. Nakumbuka mmoja alipoguswa na kidole changu alijirudisha ndani na kufunga kimlango chake. Nilimwona. Naye aliniona, nadhani. Sikuwa na muda wa kuchagua.

Mizani ikasoma uzito uleule. Prof akafurahi.

Miezi minne baadaye majibu ya maabara yakaja. Akaniita ofisini, mlango ukafungwa. Mifuko saba ilikuwa sawia, kila tuta na umri wake wa maelfu ya miaka. Namba 7 ilikuja na maelezo mawili. La kwanza, kaboni yake ilikuwa na alama ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, yaliyojaza hewa ya dunia nzima kaboni-14 katika miaka ya 1950 na 1960. Yaani kiumbe huyu aliishi baada ya hapo. La pili, sampuli ilifika ikinuka.

Prof alikuwa amechora mchoro. Mstari wa ziwa ulipanda vizuri miaka elfu kumi iliyopita, ukakaa, ukashuka kwa adabu mpaka leo, halafu pale mwishoni, kwa sababu ya nukta moja, ukaruka juu wima kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.

“Kijana,” akasema kwa upole uliotisha, “kwa mujibu wa data yetu, Kenya ilipopata uhuru ziwa lilikuwa mita 80 juu ya hapa lilipo. Kalokol yote ilikuwa chini ya maji. Eliye Springs, chini ya maji. Wapigakura wa sehemu hizo walipiga kura wakiogelea. Mbona hakuna aliyelalamika?”

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekiri. Mimi nikasema, “Labda ni ndege, Prof.”

“Ndege?”

“Wanabeba konokono. Wanapanda nao juu, wanakula, wanaacha maganda.”

Nilitegemea anifukuze. Badala yake macho yakamng’aa. Akasimama, akazunguka meza, akasema kama ni kweli basi matuta yote yaliyopimwa kwa maganda yanahitaji kuangaliwa upya, na akanipa wiki mbili nimwandikie kurasa kumi kuhusu ndege walao konokono. Mungu si Athumani, nikampata korongo mmoja ambaye domo lake halifungi katikati na riziki yake ni konokono. Nikamsifu korongo yule kurasa kumi nzima. Kosa. Prof alisoma mara mbili, akatafuta pesa, akatangaza safari: tunarudi Turkana kuwahesabu korongo.

Nilisafiri kilomita mia saba nikiomba gari liharibike. Ami analitunza vizuri mno.

Tulipopita Lodwar, Prof akageuka. “Mzee, wewe una macho makali. Safari ile uliwahi kuona ndege anabeba konokono kupeleka kule vilimani?”

Nikajifanya nimelala. Ami akafikiri kwa muda, mzee mkweli, akitafuta jinsi ya kumsaidia msomi.

“Ndege sikumwona, Prof,” akasema. “Ila konokono wa kule juu ninao.”

Akavuta kisahani cha majivu. Maganda tisa, meupe, makavu kama chaki.

“Hizi zangu za kunamulia. Hatukuwahi kumaliza. Huyu kijana nilimwambia bao lisivunjwe, asubuhi nikaona kimya.”

Gari zima kimya. Prof akachukua moja, akalitazama kwa ile lenzi yake ndogo, akalirudisha taratibu. Sampuli iliyochezewa bao si sampuli tena, hata kama yenyewe haina kosa. Kisha akanigeukia, nami nikafumbua macho, maana kulala kulikuwa hakusaidii kitu.

“Mchezo ulikuwa umefika wapi?”

“Alikuwa amebakiwa na shimo la nyumba tu,” Ami akajibu kwa niaba yangu.

Siku iliyofuata nilipandishwa tuta la mita 80 peke yangu na mfuko mpya, saa sita za mchana. Nilipoinua kichwa kufuta jasho niliwaona wawili wale kule chini, kwenye kivuli cha gari, wameinamia mchanga. Safari hii Ami alikuwa amekuja na komwe zake. Sauti ilipanda na joto mpaka kwangu, wazi kabisa:

“Hapo huli, Prof. Hapo watakata.”