Zile Elfu Kumi na Tano Nilizokula Bila Kuziona

Jamani, mimi nadaiwa pesa ambazo sijawahi kuzishika.

Mnakumbuka Mei 2020? Corona imebana, Nairobi haingiliki wala haitokeki, kafyu saa moja jioni. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita, hilo sikatai, lakini hoteli nyingi zimefungwa, shule zimefungwa, kabeji atakula nani? Broka anafika kwetu Kinangop, huku juu Nyandarua, anaikagua kabeji kama daktari wa jeshi anayesajili makurutu: anaipiga kofi, anaigeuza, anachungulia chini, kisha anataja bei inayokufanya utamani kuila mwenyewe hapo hapo.

Basi tarehe 23 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza mpango wa kufufua uchumi, shilingi bilioni 53.7. Humo ndani, bilioni 3 ni za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000, kwa vocha za kielektroniki. Watu wa kijiji chetu ambao hesabu iliwashinda darasa la nne waligawanya bilioni 3 kwa 200,000 kabla taarifa ya habari haijaisha. Elfu kumi na tano kila mtu! "Vocha" hawakusikia. "Pembejeo" hawakusikia. Walichosikia ni elfu kumi na tano, ambazo redio haikuzitaja kabisa.

Hazikupita siku nyingi, mtu mwenye daftari akaja kuandika wakulima: jina, kitambulisho, ekari. Nikaandikwa. Balaa ni kwamba nilionekana nikiandikwa.

Kesho yake alfajiri, shemeji yuko mlangoni. "Shemeji, Mungu ni mkubwa!" Mtu hakutajii ukubwa wa Mungu saa kumi na mbili asubuhi kama hana shida ya pesa. Nikamweleza kwamba ikija ni ya mbolea na mbegu, si pesa taslimu. Akafikiri kidogo. "Basi nipe mfuko mmoja nikauze."

Mwenye duka la dawa za mimea, mtu mpole ambaye deni langu lilikuwa limelala kwake bila kelele, akanifungulia ukurasa: "Baba Shiru, sasa si mambo yamenyooka?" Nyumbani nako Mama Shiru ananiuliza mabati tuchukue geji 28 au 30.

Kilichoniuma zaidi ni maua. Ukisimama ukingoni mwa Kinangop unaiona Naivasha yote kule chini, na yale mahema ya plastiki ya waridi. Machi waridi zilitupwa kwa marundo, maana Ulaya ilikuwa imefungwa na ndege zimepungua. Wafanyakazi wakarudishwa makwao, na mpwa wangu akaja kumalizia likizo hiyo kwenye sufuria yangu. Katika mpango ule ule, wakuzaji wa maua na mboga za kuuzwa nje wakatengewa bilioni 1.5. Sina chuki na waridi. Lakini limekaa na jirani yake mchicha, wamepata nusu ya fungu la watu laki mbili, na waridi halina shemeji!

Vocha yangu sijaiona hadi leo. Mabati sijanunua, na kijijini mimi ndiye niliyekula pesa za corona kimya kimya.

Serikali ilipoanza kusajili wakulima upya kwa ajili ya mbolea ya bei nafuu, nilitoka na giza, kofia hadi kwenye nyusi, na ile barakoa ya zamani usoni. Naandikwa haraka, nageuka niondoke. Shemeji yuko nyuma yangu kwenye foleni, na hana hata shamba.

"Hii nayo," akaninong'oneza, "tunagawanaje?"