Koo la mtoto si la kupuuzwa, hata kama dawa zinatumiwa ovyo

Kampeni dhidi ya usugu wa dawa zimemfundisha mzazi asikimbilie antibiotiki kila mtoto anapolalamika koo, na kwa sehemu kubwa fundisho hilo ni sahihi. Mafindofindo mengi ya watoto huletwa na virusi. Yanayotokana na bakteria wa streptokoka kundi A ni kama robo tu, na hata hayo kwa kawaida hupoa yenyewe ndani ya wiki moja. Dawa hufupisha muda wa maumivu kwa siku moja hivi, na huweza kuleta kuhara au vipele.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inawafaa zaidi watu kama Waholanzi, ambao kwao homa ya baridi yabisi (rheumatic fever, ugonjwa unaofuata koo la streptokoka na kuweza kuharibu moyo) imekuwa nadra. Kwetu Afrika Mashariki bado ipo. Wiki mbili tatu baada ya koo kupona, kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria hugeukia vali za moyo, na madhara huweza kukaa kimya hadi msichana apate ujauzito na kuanza kuhema akipanda ngazi. Wengi hawakumbuki hata kama waliwahi kuumwa koo. Pensilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma bado huzuia homa hiyo. Ikishakosekana na homa ikaja, mtoto huandikiwa sindano ya pensilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Anayehesabu vidonge vilivyookolewa na asihesabu sindano hizo amehesabu nusu.

Hoja ya usugu nayo inahitaji kuchujwa. Streptokoka huyu bado anauawa na pensilini baada ya takribani miaka 80 ya matumizi. Usugu wake umeonekana kwa dawa kama azithromaisini, ambayo ndiyo mara nyingi mwenye duka huitoa kwa sababu dozi yake ni fupi.

Basi mwenye mafua, kikohozi na sauti iliyokauka aachwe bila antibiotiki (wala asipelekwe kukatwa kimeo). Mwenye homa kali, usaha kwenye tonsili na tezi za shingo zinazouma, tena bila kikohozi, apimwe, na pasipo na kipimo atibiwe. Dozi ya kunywa ni siku 10, na siku ya tatu mtoto anacheza mpira huku mama akiihifadhi chupa kwa ajili ya mdogo wake. Kwa familia ya namna hiyo sindano moja ya benzathini (pensilini inayokaa mwilini kwa muda mrefu), pamoja na kilio chake, ndiyo tiba ya uhakika zaidi.