Skrini, vijana na ngono: lawama imeelekezwa pasipo pake

Binti akipata mimba akiwa bado shuleni, wa kwanza kulaumiwa siku hizi ni simu, kisha tamthilia, kisha video za muziki. Lawama hiyo ina msingi wake. Mwaka 2004 watafiti wa shirika la RAND nchini Marekani waliwafuatilia vijana 1,792 wa miaka 12 hadi 17 kwa mwaka mmoja, wakaripoti kuwa waliotazama sana mambo ya ngono kwenye televisheni walielekea kuanza ngono mapema kuliko wenzao.

Ila ni kijana gani anayeyatazama sana mambo hayo? Mara nyingi ni yule mwenye hamu tayari, ambaye rafiki zake wameshaanza, na nyumbani hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Mwaka 2011 wanasaikolojia Laurence Steinberg na Kathryn Monahan walizichambua upya takwimu za utafiti mwingine wa aina hiyo, wakilinganisha vijana wa mazingira yanayofanana. Athari ya vyombo vya habari haikuonekana tena.

Kuna takwimu moja ambayo wanaolaumu skrini huiruka. Katika uchunguzi wa kitaifa wa wanafunzi wa sekondari Marekani, mwaka 1991 54% yao walisema wamewahi kufanya ngono. Mwaka 2021 walikuwa 30%. Katikati hapo intaneti imeingia majumbani, simujanja zimeingia mifukoni, ponografia imekuwa ya bure. Kama skrini ndiyo inayowasukuma, mbona idadi inashuka? Utasema korona iliwafungia ndani. Haya, tuiache 2021: mwaka 2019, kabla ya korona, ilikuwa imeshafika 38%. Uzazi nao kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 ulishuka kutoka watoto 61.8 kwa kila wasichana 1,000 mwaka 1991 hadi 13.6 mwaka 2022.

Sisemi skrini haina neno. Uchunguzi huohuo wa wanafunzi unaonyesha kuwa miongoni mwa wanaofanya ngono, waliotumia kondomu mara ya mwisho walipungua kutoka 63% mwaka 2003 hadi 52% mwaka 2021. Wanaoanza wamepungua, lakini walioanza wanajikinga kidogo kuliko zamani, na ponografia haimfundishi mtu kuvaa kondomu wala kuomba ridhaa. Simu nayo imeleta hatari zake: mpenzi anayedai nywila, anayetaka kujua uko wapi kila saa, anayetishia kusambaza picha za faragha mkiachana. Haya ndiyo ningependa wazazi wayaulize, badala ya kuhesabu saa za kutazama.

Tena skrini hiyohiyo hufundisha. Nchini Nigeria, katika jaribio la kitafiti, vijana walioonyeshwa tamthilia ya MTV Shuga walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kwenda kupima VVU kuliko wasioonyeshwa. Mzazi anayenyang'anya simu na kunyamaza anamwondolea mtoto ponografia, lakini pamoja nayo anamwondolea pengine mahali pekee alipowahi kusikia habari za kupima.