Toeni dizeli kwenye bampa zetu

Kuanzia Mafiati hadi Uyole jijini Mbeya, na hata ukishuka Iringa ukafika Ipogolo, sehemu nyingi za kuoshea magari zinamalizia kazi kwa namna moja. Gari limeshasuuzwa na kukaushwa, mwenyewe ameshatoa hela, ndipo kijana anakuja na kopo la rangi lililokatwa juu. Ndani mna dizeli iliyochanganywa na oili chafu, na kipande cha godoro kinaelea. "Bosi, tukupigie na bampa?" Bosi anaitikia kwa kichwa. Dakika tatu baadaye plastiki zote za nje ni nyeusi tii, na wote wawili wameridhika.

Jambo hili linaniudhi sana, kwa sababu hasara yake haionekani siku hiyo. Inaonekana baada ya mwaka, bampa imepauka mpaka haishiki kitu tena, na mwenye gari analaumu "plastiki za siku hizi".

Dizeli inaleta weusi, hilo sibishani nalo. Lakini maji nayo yanaleta weusi. Tazama RAV4 ya zamani au X-Trail yenye plastiki zilizofifia: mvua ikiinyeshea, inarudi kuwa mpya mpaka ikauke. Sababu ni hii. Plastiki nyingi za nje ni polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo ili isipasuke ikigongwa, unga wa madini ili iwe ngumu, na masizi laini sana yanayoipa weusi na kuikinga na jua. Ukifungua bampa na kuangalia upande wa ndani, mara nyingi utakuta herufi PP, kifupi cha polipropilini, zimechorwa humo. Jua likiipiga miaka na miaka, mionzi ya urujuanimno inakata minyororo ya plastiki pale juu kabisa. Uso unachimbika vishimo na nyufa ambazo jicho halizioni, unga wa madini unabaki wazi, na mwanga ukifika hapo unatawanyika ovyo. Ndiyo ile rangi ya kijivu, na ule unga mweupe unaobaki kidoleni ukipitisha. Kimiminika chochote kikijaza vile vishimo, mwanga hautawanyiki tena, macho yanaona weusi. Dizeli imefanya kazi ya maji, tofauti ni kwamba inachelewa kukauka.

Na wakati inachelewa kukauka, inaharibu. Ule mpira uliomo ndani ya plastiki unanyonya mafuta kama dizeli na kuvimba, kisha unasinyaa yakikauka, na kila mzunguko unang'oa kidogo zile kemikali za kinga ambazo kiwanda kilizitia dhidi ya jua. Kisha kuna vumbi. Uso wa plastiki hizi una chembechembe kwa makusudi, na ukiupaka mafuta yasiyokauka, vumbi lote la Agosti na Septemba linaganda humo. Wiki ijayo kijana anarudi na godoro lile lile, lina mchanga wa magari ishirini, anasugua. Huo ni msasa.

Raba ndizo zinazoniuma zaidi. Raba za milango na zile zinazobana vioo zimetengenezwa kwa aina ya mpira unaovumilia jua, mvua na ozoni kwa miaka mingi, lakini adui wake mkubwa ni mafuta ya aina ya dizeli, petroli na oili. Ukiipaka dizeli inavimba, inalainika, inapoteza umbo, na kubana kwake ndiyo basi tena. Hakuna anayepaka bampa na fremu za milango akaacha raba salama, kwa sababu godoro halichagui. Mvua za Tukuyu zikija, maji yanaingia mlangoni, kapeti inanuka, na fundi anaanza kuhangaika na mifereji ya maji ambayo haina kosa lolote.

Halafu ile plastiki ya chini ya kioo cha mbele, mahali waipa zinapotokea. Nayo hupakwa, maana ndiyo hupauka mapema kuliko zote kwa kuwa imelala chali juani. Mvua ya kwanza ikinyesha, dizeli na oili vinapanda kioo kwa upepo wa mwendo. Raba ya waipa inavisambaza kwenye kioo chote, na yenyewe inaanza kulainika. Fikiria sasa uko kwenye mteremko wa Kitonga usiku, mvua inanyesha, lori linashuka na taa kamili, na kioo chako kina utando wa mafuta. Kila tone linageuka kuwa taa. Watu watasema kioo kimezeeka. Kioo hakijazeeka, kimepakwa mafuta, na mwenye gari amelipia.

Yule kijana naye anatumbukiza mkono mtupu kwenye oili chafu kutwa nzima. Makopo ya oili yana onyo kwamba oili iliyotumika isigusane na ngozi mara kwa mara, na onyo hilo lina sababu: wanyama wa maabara waliopakwa oili ya aina hiyo walipata saratani ya ngozi. Hatumtendei haki hata kidogo.

Watu wa nyanda za juu tunajidanganya na baridi. Tunadhani plastiki hufa Dar kwenye joto na kwamba sisi tuko salama. Mionzi inayokata plastiki haina habari na ubaridi wa hewa. Kila ukipanda mita 1,000 huongezeka kwa takriban asilimia 10, na jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Njombe juu zaidi. Ongeza miezi ya kiangazi isiyo na wingu, Mei hadi Oktoba. Kwa hiyo gari linaloshinda nje Mwanjelwa mwezi wa saba, mwenyewe amevaa koti, linaungua sawasawa. Kivuli ndicho kinga ya kwanza, na kwa asiye na banda, geuza gari: usilaze upande ule ule juani kila siku.

Sasa kazi yenyewe. Anza na kipimo cha maji. Osha sehemu ndogo kwa sabuni, suuza, iangalie ikiwa bado mbichi. Ikiwa nyeusi kabisa, plastiki inaokoleka kwa kupaka. Ikibaki na kijivu au madoa hata ikiwa na maji, uso umekufa kwa kina, na utahitaji dawa yenye rangi ndani yake, au rangi ya kupuliza, au bampa nyingine.

Hatua inayorukwa na karibu kila mtu ni kusafisha. Kupaka dawa nzuri juu ya dizeli ya zamani ni sawa na kujipaka mafuta bila kuoga. Chukua sabuni ya maji ya kuondoa grisi, sehemu moja kwa kumi ya maji, au kama kopo linavyoelekeza. Achana na sabuni ya unga, kwa kuwa ni kali na chembe zake hubaki kwenye vishimo. Gari liwe kivulini na plastiki iwe imepoa. Puliza, subiri dakika mbili bila kuacha ikauke, kisha sugua kwa brashi ya nywele laini kwa mizunguko midogo. Kwenye kona, kuzunguka vishikio vya milango na chini ya saitimira, mswaki wa zamani unafanya kazi kuliko kitu chochote. Povu litatoka la kahawia au jeusi. Suuza, rudia. Gari lililopakwa dizeli kwa miaka linaweza kutaka mizunguko minne au mitano, na usiache mpaka povu litoke jeupe. Likikauka litakuwa baya kuliko lilivyokuja, kijivu kitupu. Usiogope, hiyo ndiyo sura yake ya kweli.

Liache likauke saa nzima, maana maji hujificha kwenye maungio na yatatiririka juu ya dawa yako. Kisha futa kwa spiriti ya asilimia 70 na kitambaa safi cheupe. Kitambaa kikichafuka kwa mafuta, rudi kwenye sabuni. Usitumie thina wala petroli: saitimira na grili nyingi si polipropilini bali ABS, plastiki ya aina nyingine, na thina inaiyeyusha uso hapo hapo.

Dawa za kupaka ziko za namna tatu zinazofaa kujadiliwa. Za maji, nyeupe kama maziwa, zina silikoni. Hazidhuru raba, zinaacha mng'ao wa wastani, na hukaa wiki chache. Nyingine zina kinga ya mionzi, soma kopo. Kwa gari ambalo plastiki bado ni nzima, hizi zinatosha. Za pili zina rangi nyeusi ndani yake, zinaingia kwenye vishimo na kukaa miezi kadhaa. Hizi ni za plastiki iliyokwisha kupauka, na vaa glavu, maana hazitoki mkononi. Za tatu ni za seramiki, zinazokauka na kuwa ganda gumu. Zinadumu kuliko zote, na zinaadhibu kuliko zote mtu aliyesafisha vibaya, kwa sababu doa ulilofunika chini ya ganda hulitoi kwa kitambaa. Zile za mafuta zinazong'aa kama kioo na kunata, ziache dukani.

Vyovyote utakavyochagua, paka kidogo. Bampa moja haihitaji zaidi ya vijiko viwili vya chai. Weka kwenye sponji, usipulize moja kwa moja kwenye gari. Fanya eneo la urefu wa mkono, sambaza mpaka lisionekane jimaji, subiri dakika mbili hadi tano, futa iliyozidi kwa kitambaa kikavu. Anayeacha iliyozidi ndiye anayeona michirizi na vumbi kesho yake, kisha anasema dawa ni feki. Tabaka la pili baada ya saa moja. Zenye rangi na za seramiki zisiguswe na maji kwa saa 24, kwa hiyo kwa watu wa Rungwe subirini mvua zikatike. Na asubuhi za Juni na Julai ni baridi mno kwa dawa kukauka vizuri. Anzeni saa nne, si saa moja.

Madoa meupe ya polishi ya bodi yaliyoganda kwenye chembechembe hayatoki kwa kupaka juu yake. Mswaki, spiriti, uvumilivu. Safari nyingine funika plastiki kwa tepu ya karatasi kabla ya kupiga polishi.

Wanaopaka vitu vingine nao wajue: kiwi ya viatu inayeyuka juani na kuchafua nguo za abiria. Mafuta ya kupikia yanaoza na kunata. Basi.

Mashine ya hewa moto inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa video zake zinavutia. Ni kweli inafanya kazi: joto linalainisha uso, vishimo vinafungika, weusi unarudi bila kupaka kitu. Nakubali kwa shingo upande kwamba fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuokoa bampa kwa njia hii. Lakini polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na mashine nyingi zinapuliza zaidi ya 400. Ukisimama sehemu moja sekunde chache, zile chembechembe zinalala, panang'aa kama pamepigwa pasi, na hapo hapatarudi. Weka umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono usisimame. Usifanye karibu na rangi ya bodi, na usiguse kabisa plastiki ya chini ya kioo cha mbele asubuhi ya baridi, kioo kinaweza kupasuka. Na kinga hujaongeza hata kidogo. Usipopaka dawa baada ya hapo, jua linaanza upya.

Rangi ya kopo iwe ya mwisho. Polipropilini haishikani na rangi, ndiyo maana bampa nyingi mjini zinatoka magamba. Inatakiwa praima ya plastiki, siyo praima ya bati. Kwaruza kwa msasa wa namba 400, futa kwa spiriti, piga praima tabaka mbili nyembamba, halafu rangi nyeusi isiyong'aa tabaka tatu, dakika kumi hadi kumi na tano kati ya tabaka. Fundi akisema praima haina haja, chukua gari lako.

Kwa wanaonunua magari yaliyotumika: nenda na kitambaa cheupe na chupa ndogo ya spiriti, futa kona ya bampa. Kitambaa kikitoka cheusi na kona ikabaki kijivu, umeshajua gari lile lilishinda wapi. Kagua na raba za milango hapo hapo, zibonyeze kwa kidole. Nzima inarudi, iliyonyweshwa dizeli inabaki imelala.

Ninyi wenye sehemu za kuoshea, hili liko mikononi mwenu. Nunueni dawa ya maji ya galoni, mpeni kila kijana chupa ya kupuliza, sponji ya plastiki peke yake na nyingine ya matairi, na glavu. Tozeni kwa huduma hiyo, watu watalipa wakielezwa. Na lile kopo lililokatwa lisiwepo tena, wala yaliyomo yasimwagwe mtaroni.