Setilaiti haioni vumbi lote

Makala yenu, iliyoambatana na ramani za utabiri wa vumbi, imeeleza vizuri safari ya vumbi la Sahara hadi Amazon, ila pale mwandishi anaposema setilaiti hupima vumbi lote lililo angani, hapo amerahisisha mno. Setilaiti nyingi hupima tu jinsi mwanga unavyofifishwa na vyote vilivyomo kutoka juu hadi chini: vumbi, moshi, chumvi ya bahari, kwa mpigo mmoja. Penye wingu zito, hakuna kipimo. Tena hazikwambii kama vumbi liko mita 500 au kilomita 4 juu, na kimo hicho huchangia sana kuamua litasafiri umbali gani. Setilaiti ya CALIPSO, iliyofanya kazi kuanzia 2006 hadi 2023, ilijaza pengo hilo kwa kupiga leza kuelekea chini na kusoma mwanga uliorudi, tabaka kwa tabaka.

Na modeli je, yaani programu za kompyuta zinazotabiri vumbi? Upepo haunyanyui vumbi laini moja kwa moja. Huirusha michanga, nayo ikigonga ardhi ndipo vumbi linafumuka. Upepo ukizidi kidogo tu, vumbi huongezeka maradufu. Sasa chukua bonde la Bodélé kule Chad, ambako upepo unabanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi: modeli inayoigawa ramani katika miraba ya kilomita 100 inaupunguza mno upepo ule. Chembe kubwa nazo modeli nyingi huziangusha mapema, ilhali zimeokotwa mbali sana ndani ya Atlantiki.

Kwa hiyo zile ramani za utabiri mlizoweka, tafadhali wekeni na kiwango cha shaka.